Usibonyeze ‘Ndiyo’ kabla ya kusoma: Jinsi ya kusasisha kipakatalishi bila kumaliza bando

SAA tatu usiku, siku moja kabla ya mahojiano ya kazi, nilikuwa na vitu vitatu mezani: kipakatalishi cha mtumba, simu iliyowashwa hotspoti, na bando la gigabaiti moja nililonunua kwa pesa za mwisho zilizokuwa kwenye simu hiyo.

Mahojiano yalikuwa ya video, saa tatu asubuhi. Barua pepe ya mwajiri ilisema wazi: hakikisha programu yako ya simu za video ni toleo jipya. Yangu ilikuwa ya zamani na ilikataa katakata kufunguka.

Nikafanya kile nilichodhani kila mtu hufanya. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaagiza mashine isasishe kila kitu. Ikawaza kidogo, ikamwaga majina mengi nisiyoyajua, halafu ikauliza swali moja la ndiyo au la. Sikusoma. Nikabonyeza Enter.

Dakika arobaini baadaye simu ikalia. Ujumbe: bando lako limekwisha. Kwenye skrini, kazi ilikuwa imekwama asilimia 61. Programu ya video, ile moja tu niliyoihitaji, haikuwa imeguswa.

Nikaenda kubisha mlango wa jirani, kijana anayesomea diploma ya teknolojia ya habari.

“Ulisoma kile ilikuuliza kabla ubonyeze Enter?” akaniuliza, hata kabla hajaketi.

“Msee, nani husoma hizo vitu?”

“Basi hapo ndipo bando yako ilienda.”

Akarudi juu kwenye ile mistari, akaniwekea kidole pale pale. Mashine ilikuwa imeniambia mapema, bila kuficha chochote, kwamba inahitaji kupakua zaidi ya megabaiti 1,600. Mimi nilikuwa na 1,000. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, na nilikuwa nimeianguka.

Kisha akaanza kunisomea orodha. Kulikuwa na programu nzima ya kupangia vitabu vya hisabati. Kulikuwa na vifurushi vya lugha ambazo sijawahi kuzisikia zikizungumzwa. Kulikuwa na michezo, na programu ya kuhariri muziki.

“Hii unaitumia?” akawa anauliza kwa kila jina.

“Hata sikujua kama iko.”

Aliyekuwa na mashine hiyo kabla yangu alikuwa ameijaza, nami nilikuwa nalipia usafiri wa mizigo yake.

Mtandao wa polepole si wa mashambani pekee

Tunapenda kudhani kwamba tatizo la intaneti nzito ni la watu wa mbali na mji. Lakini Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Walio mijini na walio mashambani wote walikuwa wakitazama kile kiduara kikizunguka.

Hata siku za kawaida, wengi wetu hatuna intaneti ya nyumba. Tuna simu na bando la saa moja, au la siku moja. Bando la aina hiyo lina matatizo mawili kwa pamoja: linapimwa, na lina saa ya kufa.

Fanya hesabu kidogo. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Kwa hivyo kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hukuletea megabaiti 450 hivi kwa saa nzima. Sasisho la megabaiti 300 litachukua dakika 40. La gigabaiti mbili litakuweka macho karibu saa nne na nusu. Kama bando lako ni la saa moja, umeshindwa kabla hujaanza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kipakatalishi kikiunganishwa kwa hotspoti ya simu, mara nyingi hakitambui kwamba kinakula bando. Kinaona waifai tu. Kwake, waifai ya simu yako na waifai ya ofisi kubwa ni kitu kimoja, hivyo kinajipakulia bila huruma. Ni wewe wa kukiambia ukweli.

Chapati, maharagwe na parachichi

Mashine yangu inatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya familia ya Linux. Si mimi niliyechagua. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida bila malipo Oktoba 14, 2025, na vipakatalishi vingi vya mtumba havifikii masharti ya Windows 11. Fundi aliyeniuzia alikuwa amepata suluhisho lake.

Katika Ubuntu na mzazi wake Debian, programu huja kama vifurushi, na kila kifurushi kinatembea na orodha ya marafiki. Jirani yangu alinieleza kwa lugha ya kibanda.

“Ukitaka chapo, lazima kuwe na unga, maji na mafuta. Bila hizo hakuna chapo. Hiyo ndiyo inaitwa tegemezi.”

“Sawa.”

“Sasa mwenye kibanda anakuambia chapo huenda vizuri na madondo. Hiyo ni pendekezo. Halafu anaongeza kwamba wengine huitisha avocado. Hiyo ni nyongeza. Ukikaa kimya, unadhani atakuletea nini?”

“Chapo.”

“Chapo na madondo. Na utalipia zote.”

Ndivyo mfumo huo unavyofanya kazi kweli. Tegemezi huja kila mara, na ni lazima. Mapendekezo huja pia bila kuulizwa, isipokuwa ukikataa. Nyongeza haziji mpaka uziitishe. Bando linapovuja ni pale katikati, kwenye mapendekezo.

Si kwamba waliotengeneza mfumo ni wabaya. Mtu mwenye intaneti ya bure atafurahia madondo. Mwenye bando la Sh50 ndiye anayepaswa kusema mapema: nipe chapo kavu.

Kusema hivyo ni kuongeza maneno machache kwenye amri ya kuweka programu:

sudo apt install --no-install-recommends jina-la-programu

Mahali pa “jina-la-programu” unaandika jina la kile unachotaka. Tahadhari moja tu: wakati mwingine pendekezo ndilo linaloifanya programu itoe sauti au isome aina fulani ya faili. Ukiona kitu hakifanyi kazi baadaye, rudi uchukue hilo moja, usibebe gunia zima.

Soma, kisha ujibu

Usiku ule jirani alinipa hotspoti yake kwa sharti. “Nakupea megabaiti mia tatu pekee, mimi pia niko na assignment.” Akaandika amri tatu, na nilizinakili kwenye daftari ambalo bado ninalo.

Ya kwanza ni sudo apt update. Hii haisasishi programu yoyote. Inaleta orodha mpya ya vitu vilivyoko sokoni. Lakini hata orodha ina uzito wake; kwenye mashine iliyolala muda mrefu inaweza kula makumi ya megabaiti. Kwa hivyo usiirudie kila baada ya dakika tano ukidhani unaisaidia.

Ya pili ni apt list --upgradable. Hii inakuonyesha programu zote zenye toleo jipya, bila kupakua chochote. Ipitishe macho polepole. Hapa ndipo utakapogundua unaishi na watu usiowajua.

Ya tatu ndiyo iliyoniokoa: sudo apt install --only-upgrade jina-la-programu. Inasasisha kitu kimoja unachokitaja, pamoja na tegemezi zake, na kuacha vingine vikingoja. Mashine ikauliza swali lake la ndiyo au la. Safari hii nililisoma. Ilitaka megabaiti 112. Nikasema ndiyo, na baada ya dakika chache programu ya video ikafunguka.

Swali hilo lina sehemu mbili unazopaswa kuzoea. Moja inasema ni megabaiti ngapi zitapakuliwa. Hilo ndilo bando lako. Nyingine inasema ni nafasi kiasi gani itachukuliwa kwenye diski. Wengi huchanganya hizo mbili na kuogopa bure, kwa sababu programu hupakuliwa ikiwa imekunjwa, kisha hufunguka na kuwa kubwa zaidi.

Ukiona namba inazidi bando lako, jibu ni n. Mashine haitanuna. Itaacha kila kitu kilivyokuwa na kukungoja siku nyingine.

Na kama huwezi dirisha jeusi, Ubuntu ina programu ya masasisho yenye vitufe na ukubwa wa kila kitu. Fungua maelezo yake na utaona masasisho ya usalama yamepangwa kivyake. Toa alama kwenye yanayoweza kusubiri.

Vizito vinavyoweza kusubiri ni vipi? Mfano mzuri ni kifurushi kiitwacho linux-firmware. Kimebeba mafaili ya kuendeshea vifaa vya kampuni nyingi mno, na vingi havimo kabisa ndani ya kipakatalishi chako. Katika matoleo ya miaka ya karibuni, kimefikia mamia ya megabaiti. Kipeleke kwenye waifai ya bure. Programu za ofisi ni vivyo hivyo.

Mpangaji asiyelipa kodi

Baada ya mahojiano, nilirudi kwa jirani kumshukuru. Akanipa kazi ya nyumbani: toa kila programu ambayo hujaigusa tangu ununue mashine.

Sababu yake ilinishangaza kwa urahisi wake. Nilidhani programu usiyoitumia hula nafasi tu. Kumbe inakula bando pia, tena kila mara toleo jipya linapotoka. Kila kitu kilichowekwa kwenye mashine huingia kwenye foleni ya masasisho, ukitumie usikitumie. Ni kama mpangaji asiyelipa kodi lakini stima na maji anatumia.

Kuitoa ni sudo apt remove na jina lake. Baada ya hapo sudo apt autoremove hufagia tegemezi zilizobaki yatima. Hapa tena, soma orodha kabla ya kukubali. Ukiona jina unalolitumia limo kwenye orodha ya vitakavyotolewa, simama. Mtu anaweza kujitolea mlango wa nyumba akidhani anafagia.

Ile programu ya vitabu vya hisabati ndiyo iliyoondoka ya kwanza. Ukihitaji kuandika hisabati kwa LaTeX chuoni, usikimbilie kifurushi kiitwacho texlive-full ambacho ni gigabaiti kadhaa. Anza na texlive-latex-base, kisha uongeze unachokosa.

Wa Windows nanyi mna lenu

Kama kipakatalishi chako ni cha Windows, hatua ya kwanza ni kukiambia kwamba hotspoti ya simu inapimwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, chagua jina la hotspoti yako, kisha uwashe kitufe cha Metered connection. Kuanzia hapo mashine itapunguza sana kujipakulia mambo yenyewe. Haitaacha kabisa, kwani masasisho ya dharura bado yanaweza kupita, lakini haitakuamsha na bando sifuri.

Pili, masasisho yaliyowekwa kando kama ya hiari ni ya hiari kweli. Mengi ni ya kuendeshea vifaa. Kama printa yako inachapisha na sauti inasikika, huna haja ya kuyagusa ukiwa kwenye bando.

Tatu, jua ratiba. Microsoft hutoa masasisho yake makuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Kenya hiyo huwa ni mwendo wa saa mbili au saa tatu usiku. Ukiacha hotspoti wazi usiku huo au kesho yake, usije ukalaumu kampuni ya simu.

Lakini kuna habari njema. Masasisho hayo ya kila mwezi hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia. Ukikosa mwezi mmoja, hulipi mara mbili. Unachukua la mwisho.

Kwa wanaoishi hosteli, kuna mpangilio uitwao Delivery Optimization. Ukiuruhusu kwa vifaa vya mtandao wa ndani peke yake, mashine mbili za Windows kwenye waifai moja zinaweza kugawana kile ambacho moja imeshapakua. Hakikisha tu hujauruhusu kugawana na mashine za intaneti nzima, la sivyo bando lako litakuwa linahudumia wageni.

Ubuntu nayo ina kitufe cha namna hiyo ya kwanza. Fungua mipangilio ya waifai, gusa alama ya gia kando ya jina la hotspoti, na useme kwamba ina kipimo. Programu za aina ya snap zina ukaidi wake kidogo. Hizo ziambie kwa amri hii: sudo snap set system refresh.metered=hold.

Usiruke ya usalama

Sasa hapa ndipo watu huharibu. Akishaumwa na bando mara moja, kijana anazima masasisho yote na kujiita mjanja. Mimi mwenyewe nilikuwa na wazo hilo, na jirani akanikatiza: “Hapana bro. Hiyo ni kuuza mlango ununue kufuli.”

Mfano upo. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa fulani ndani ya Windows. Wengi hawakuliweka. Mei 12 mwaka huo huo, virusi vilivyoitwa WannaCry vikapita kwenye ufa huo huo, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Zaidi ya nchi 150 ziliguswa. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa imetolewa karibu miezi miwili mapema.

Kwa hivyo lengo si kukataa masasisho. Ni kuyapanga kwa foleni. Mbele kabisa ni usalama wa mfumo na kivinjari chako, kwa sababu kivinjari ndicho kinachokutana na dunia kila siku na ndicho kinachobeba nywila zako. Nyuma yake ni programu unazofanyia kazi. Mwisho ni mapambo, lugha, na vitu vya hiari. Bando likiwa dogo, hudumia wa mbele. Wa nyuma wangoje siku utakayopita maktaba au chuoni.

Pakueni mara moja, mgawane

Kuna siri moja zaidi kwa wanaotumia Ubuntu au Debian na wana marafiki wenye mfumo huo huo. Ukisasisha kwa kutumia apt-get badala ya apt, vifurushi vilivyopakuliwa hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Amri ya apt peke yake huvifuta ikishamaliza kuviweka, na wengi hukosa bahati hapo.

Vinakili kwenye flashi, mpe rafiki avitie kwenye folda hiyo hiyo ya mashine yake. Akiisha kuleta orodha mpya na kuagiza masasisho, mfumo wake utavikagua, uone viko sawa, na usipakue tena. Sharti ni kwamba mashine zenu ziwe na toleo lile lile la mfumo. Watu wanne wa chumba kimoja wanaweza kulipia bando moja.

Kugawana namna hiyo si jambo geni katika Ubuntu. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ya Canonical ilituma CD za mfumo huo bila malipo kwa posta, kwa yeyote aliyeitisha. Walijua kwamba si kila mtu ana intaneti ya kupakua mfumo mzima.

Na kupakua kukikatika katikati, usikate tamaa. Ukiongeza bando na kurudia amri, kwa kawaida mfumo huendelea ulipoachia. Zile megabaiti 1,000 zangu hazikupotea zote. Siku nilipoketi kwenye waifai ya maktaba, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafanyika.

Asubuhi ile ya mahojiano, dada yangu alinitumia Sh100, nikanunua bando jipya. Kabla ya kuwasha hotspoti, niliweka kile kitufe cha kusema kwamba inapimwa. Niliingia dakika tano kabla ya saa. Video haikukwama hata mara moja.

Kazi? Walisema watanipigia. Kwa sasa, jirani zangu wawili washaniletea vipakatalishi vyao niwasaidie kusafisha, na swali langu la kwanza kwao ni lile lile nililoulizwa: ulisoma kabla ubonyeze?